Udongo wa Kajiado Ndio Uliochagua Matairi

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wapenzi wa mbio za magari nchini Kenya walikuwa na uwanja wao karibu na Nakuru, mahali panapoitwa Langa Langa, ambako magari yalizunguka njia ileile mpaka mshindi apatikane. Eric Cecil alipomwalika binamu yake Neil Vincent akashindane huko, Vincent alikataa katakata. Hakuona utamu wa kuzunguka duara siku nzima. Yeye alitaka mbio za kuingia garini, kubamiza mlango, kukata nusu ya Afrika na kurudi, na atakayetangulia kufika nyumbani ndiye mshindi. Ubishi huo wa kifamilia ndio uliozaa Coronation Safari, iliyoanza tarehe 27 Mei 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Sasa imepita zaidi ya miaka 70, na kijana wa Kitengela mwenye Subaru Impreza, anayetamani kulikimbiza gari lake bila kuhatarisha watu kwenye barabara ya Namanga, hana nusu ya Afrika ya kukata. Anasubiri Jumapili ya mashindano, anakwenda uwanja wa Whistling Morans upande wa Athi River, anazunguka. Duara alilolikataa Vincent limerudi, na pamoja nalo limerudi swali la mfuko: pesa zikiwa chache, zitangulie kwenye matairi au kwenye injini? Gereji nyingi zitamwambia injini, kwa sababu turbo kubwa na egzosi pana vinaonekana na kusikika. Historia ya mbio katika ardhi hii inajibu vingine, na nadhani inajibu sawasawa.

Kanuni moja ya Safari ile ya kwanza inastahili kukumbukwa kuliko zote. Magari hayakupangwa kwa ukubwa wa injini, kama ilivyozoeleka Ulaya. Yalipangwa kwa bei yake dukani. Mantiki yake ilikuwa ya mnunuzi: mwenye shamba, karani wa serikali au mfanyabiashara wa Nairobi alitaka kujua ni gari gani, kwa kiasi cha pesa alichonacho, litakalofika likiwa zima. Hakutangazwa mshindi mmoja wa jumla mwaka ule. Kila daraja la bei lilikuwa na wake. Mwaka uliofuata, 1954, Vic Preston na D. P. Marwaha waliibuka na ushindi wakiwa katika Volkswagen, ile kobe yenye injini ndogo nyuma, inayopozwa kwa upepo. Haikuwa na rejeta ya kutobolewa na jiwe wala ya kuchemka mlimani. Ilikuwa nyepesi, matairi yake membamba yalikata tope badala ya kuelea juu yake, na uzito wa injini ulikaa juu ya magurudumu yanayosukuma. Watu husimulia ushindi ule kama kioja cha gari dogo kuyaangusha makubwa. Mimi nauona kama hesabu iliyojibiwa vizuri, maana kila sifa iliyolibeba gari lile ilihusu namna linavyoshika ardhi na namna linavyoivumilia.

Na ardhi yenyewe tuitazame kwa karibu. Ukitoka Kitengela kwenda Isinya, Kajiado na Il Bissil hadi Namanga, unapita katika nyanda za Athi na Kapiti zenye udongo mweusi ambao kila fundi wa ujenzi wa Kitengela anaufahamu, kwa kuwa lazima auchimbe wote na kuutupa kabla ya kumwaga msingi. Ukikauka, unapasuka nyufa za kumeza mguu. Ukilowa, unavimba na kunata. Unajaza meno ya tairi hadi tairi jipya linakuwa kama kipara. Ukielekea Magadi, udongo unapotea na mahali pake panakuwa na mawe ya volkano yenye kingo kali. Ukishuka upande wa Amboseli, unakuta vumbi laini lisilo na mwisho. Tairi linalofaa kwa udongo mweusi, lenye meno marefu yaliyoachana ili tope lidondoke, linaumia kwenye mawe. Linalohimili mawe, lenye ubavu mzito, ni zito kuzungushwa na linachelewesha gari. Katika wilaya moja dereva alikuwa na maswali matatu yasiyokubali jibu moja, na Safari ilipohamishiwa Pasaka, majira ya masika, hakuna aliyejua asubuhi ni swali lipi litaulizwa jioni. Ndiyo sababu mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalimaliza tena 7. Miaka yote miwili walioshinda ni watu walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, tena kwa gari la aina ileile, Peugeot 404, gari la familia lenye springi laini zinazopanda na kushuka bila kuiacha ardhi.

Kurudia kushinda katika miaka miwili mibaya kuliko yote si bahati. Joginder Singh naye, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 ambayo kiwanda kilikuwa kimeshaitumia na kuimaliza haja; gari la mtumba, tukisema kwa lugha ya leo. Kwa karibu miaka 20 hakuna mgeni aliyekuja kutoka ng'ambo akashinda, hadi Hannu Mikkola wa Finland mwaka 1972 akiwa na Ford Escort. Wageni hao hawakukosa injini. Viwanda vilileta zilizo bora. Walichokosa ni kujua lini upunguze upepo wa tairi, lini upite kando ya njia kwenye nyasi kwa sababu katikati pamegeuka uji, na lini mwendo wa pole ndio wa haraka. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, alishinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 kwa Datsun za aina ya 160J na Violet, magari ambayo mtu angeweza kuyaona yamepangwa nje ya ofisi yoyote ya serikali. Orodha hii ingeweza kuendelea, lakini kisa kinachonichekesha zaidi ni cha 1993. Subaru ilileta Vivio, kigari chenye injini ya sentimita za ujazo 660, ndogo kuliko za pikipiki nyingi kubwa. Colin McRae alikipeleka kwa kasi ya kushangaza mpaka kikashindwa kustahimili. Patrick Njiru, Mkenya, alikipeleka hadi mwisho na kumaliza wa 12.

Hapa mwenye kuipenda turbo ana haki ya kuingilia. Atasema nimechagua mifano inayonifaa. Toyota Celica Twin Cam Turbo ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986. Kuanzia 1990 magari ya kwanza kufika karibu kila mara yalikuwa ya turbo na magurudumu manne yanayosukuma. Na Vivio ile ile ya Njiru ilitanguliwa na Celica nne zilizoshika nafasi ya kwanza hadi ya nne. Yote hayo ni kweli. Lakini tuangalie Celica ya 1984 ilishindana na nani. Ilikuwa enzi ya magari ya Kundi B, ambayo nguvu zake hazikuonekana tena kwenye mbio za barabarani kwa miaka mingi. Audi Quattro, Lancia 037 na Peugeot 205 Turbo 16 zote zilikuja Kenya, na hakuna hata moja iliyoshinda Safari katika miaka ile. Celica iliyoziangusha ilisukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, ilikuwa nzito, na wataalamu wa Ulaya waliiona imepitwa na wakati. Kabla yake, mwaka 1983, Ari Vatanen aliishinda Audi ya Mikkola kwa Opel Ascona 400 isiyo na turbo kabisa. Kwa hiyo turbo haikatazwi na ushahidi. Ushahidi unasema nguvu ni za kuamua kati ya magari ambayo tayari yamelingana kwa uimara na mshiko. Pale yasipolingana, nguvu hazifidii.

Tena viwanda vyenyewe, vilipopata pesa za kumwaga, tuangalie vilizimwaga wapi. Vilikodi helikopta za kuruka mbele ya gari na kutazama ng'ombe na matatu, maana barabara hazikufungwa. Viliimarisha bodi, vikainua magari juu zaidi, vikayafungia bomba la kuvutia hewa kando ya kioo cha mbele ili injini isinywe maji mtoni. Watengenezaji wa matairi nao wakaja na povu zito la kujaza ndani ya tairi, ambalo linavimba tairi linapotoboka na kumruhusu dereva aendelee bila kusimama. Kuhusu nguvu, mainjinia wa timu mara nyingi walizipunguza kwa ajili ya Safari ili injini ivumilie siku zote za mbio. Matajiri walipofika Kajiado walifanya kile ambacho mwenye Volkswagen alikifanya bila kukusudia. Na mambo hayajabadilika sana. Mwaka 2021, Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia, Thierry Neuville aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika nzima. Shokomzoba ya nyuma ikavunjika katika hatua ya Loldia na mbio zake zikaishia hapo. Sébastien Ogier akachukua ushindi. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Ogier: aliongoza, pancha moja ikamnyang'anya ushindi, Kalle Rovanperä akaubeba.

Mbio hizo za 2021, hata hivyo, zilifanyika Naivasha, wala hazikufika Kajiado, na hilo linatuleta kwenye sehemu ya historia ambayo waandishi wa michezo huiruka. Safari ya mwisho katika ubingwa wa dunia kabla ya mapumziko yale marefu, ya mwaka 2002, ilikuwa na takriban kilomita 1,000 za kushindana, na Kajiado ilikuwa na hatua zake, Oltepesi ikiwa mojawapo. Ya 2021 ilikuwa na takriban kilomita 320 tu. Ubingwa wa dunia ulifupisha mbio kila mahali, hilo halina ubishi, lakini huku kwetu kuna sababu ya ziada: nafasi imekwisha. Sheria ya 1968 iliyaunda mashamba ya pamoja ya Wamaasai, na Kitengela likawa mojawapo. Mwaka 1988 shamba hilo liligawanywa na kila mwanachama akapewa hati yake. Wengine walibaki na mifugo, wengine waliuza, na wanunuzi kutoka Nairobi wakaja na nyaya, kuta za mawe na mageti. Wakazi wa kaunti nzima ya Kajiado walikuwa 687,312 katika sensa ya 2009. Katika ile ya 2019 walikuwa 1,117,840. Nyumbu waliotoka Mbuga ya Nairobi kwenda kusini wakati wa mvua walikwama kwenye nyaya hizo kwanza. Magari ya mbio yalifuata. Mashindano ya ubingwa wa taifa bado yanaendeshwa upande wa Il Bissil, ambako ardhi ina upana, lakini Kitengela yenyewe haina tena njia ya kukimbia bila kukuta geti la mtu, bodaboda na watoto wa shule. Uwanja uliozungushiwa ndio uliobaki, na hauna haja ya kuonewa aibu. Ni mahali pekee pa halali.

Sasa pingamizi zito zaidi. Kama mazingira yamebadilika hivi, kwa nini somo la Safari liendelee kutufaa? Uwanjani hakuna mto, hakuna masika ya siku nne, gari likiharibika unalivuta hadi kwenye hema. Mzunguko mmoja unachukua dakika chache. Si ndipo nguvu zinapofaa? Naona ni kinyume. Kwenye barabara ndefu ya Namanga, gari lenye nguvu hupata muda wa kuzitumia. Kwenye uwanja mfupi wa vumbi, sehemu iliyonyooka inaisha kabla turbo kubwa haijaamka vizuri, na muda mwingi unatumika kufunga breki, kukata kona na kujaribu kutoka kwenye kona bila magurudumu kuzunguka bure. Kazi zote tatu hufanywa na mpira. Kila tairi linaigusa ardhi kwa eneo la ukubwa wa kiganja, na hakuna nguvu, breki wala usukani vinavyoweza kupita kipimo cha viganja hivyo vinne. Ukiongeza nguvu za farasi 80 kwenye gari ambalo tayari linateleza, umenunua utelezi. Ukibadilisha matairi, umeboresha kuondoka, kusimama na kukata kona kwa mkupuo mmoja.

Ila tairi lipi? Kwenye viwanja vyetu vya vumbi, tairi laini la lami linaloonekana kwenye video za Japani ni hasara tupu. Halina meno ya kuuma moramu na ubavu wake unakatwa na jiwe la kwanza. Panafaa tairi jembamba kiasi, lenye meno na ubavu mgumu, juu ya rimu ndogo badala ya kubwa, ili pawe na mpira mrefu wa kumeza mashimo. Kwa anayekwenda kwenye mashindano ya lami, kama yale ya kupanda mlima kwa kushindana na saa huko Kiambu, hesabu inageuka: atafute mpira laini, wenye nambari ya uchakavu karibu na 200 ubavuni, wakati matairi ya kawaida ya safari huandikwa 400 au zaidi. Mpira huo utaisha upesi, na ndivyo ulivyokusudiwa. Katika hali zote mbili, kinachogharimu sifuri ni kupima upepo gari linaporudi likiwa la moto. Tairi likipata joto, upepo ndani yake unapanda, eneo la kugusa ardhi linapungua katikati ya mashindano, na dereva analaumu springi. Baada ya mpira ni breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230, ilhali DOT 3 yanaruhusiwa kuchemka kwenye nyuzi 205. Tofauti hiyo ndogo ya bei ndiyo inayoamua kama pedali itashika au itazama sakafuni. Kisha shokomzoba na bushi. Ndipo tuzungumze injini.

Na injini ina hoja yake moja ya haki, ambayo watu wa Mombasa hawaijui. Kitengela iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 kuliko ya pwani. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu kiasi hichohicho cha nguvu. Yenye turbo inaweza kujifidia. Kwa hiyo, anasema fundi, turbo Kajiado si anasa. Nakubali nusu. Hewa hiyohiyo nyepesi ndiyo inayopoza rejeta, intakula (kipoza hewa ya turbo) na breki, na inapoza kidogo. Turbo inayolazimishwa kuzunguka zaidi ili ifidie mwinuko inatoa hewa ya moto zaidi, na petroli inaanza kulipuka kabla ya wakati wake. Unasikia injini inagonga. Kwenye injini za Subaru zinazopendwa sana Kitengela, kinachofuata mara nyingi ni pistoni kupasuka. Anayebadilisha programu ya kompyuta ili kuongeza presha, bila kugusa rejeta, intakula na pampu ya mafuta, ameazima nguvu kwa riba. Isitoshe, wote wanaoshindana uwanjani wako kwenye mwinuko uleule, na mashindano ya autokrosi Kenya, yaani hizi mbio za uwanjani, yana madaraja yanayotenganisha gari lenye turbo na lisilo nayo, na la magurudumu mawili na la manne. Asiye na turbo hapotezi chochote kwa jirani yake. Mwenye kuiongeza ndiye anayejihamishia kwenye daraja la wenye pesa zaidi yake.

Kuna anayesema matairi huisha na injini hubaki, basi heri kuwekeza kwenye kinachobaki. Injini haibaki peke yake: nguvu mpya zinakula klachi, zinavunja giaboksi na, mwishowe, zinamaliza matairi yaleyale yaliyohofiwa kuwa ghali. Lakini kwamba tairi zuri ni ghali Kenya ni kweli, na jambo hilo lina historia yake. Kiwanda cha Firestone East Africa kilianzishwa Nairobi mwaka 1969, kikaja kuwa Sameer Africa, kikatengeneza matairi ya Yana yaliyojulikana nchi nzima kwa kustahimili barabara mbovu. Utengenezaji ulisimama mwaka 2016 kwa kushindwa na bidhaa za bei ya chini kutoka nje. Tangu hapo mnunuzi wa Kitengela anachagua kati ya tairi jipya lililosafiri baharini na la mtumba kutoka Japani ambalo meno yake yanang'aa na mpira wake umekufa. Hapo ndipo wengi wanapolizwa, kwa kuwa mpira hukauka na kuwa mgumu hata ukikaa stoo bila kutumika. Umri wake umeandikwa waziwazi: tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Inama uzisome kabla ya kulipa, na tairi likiwa limepita miaka mitano, mwache nalo muuzaji, hata kama anakuuzia na turbo juu yake.